Koili na balasti kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye magari ya pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayofunga na kufungua umeme wa koili ili cheche itoke) na kondensa (kikopo kidogo kinachozilinda pointi zisiungue): Land Rover Series, Datsun, Escort, Mercedes za miaka ya 1960 na 1970, Kombi, Land Cruiser za mwanzo. Kama gari lako lina kompyuta ya injini, hapa si mahali pake. Vifaa unavyohitaji ni mita ya umeme ya bei ya kawaida, kipande cha waya chenye vibanio viwili, na utulivu.

Balasti ni nini, na kwa nini gari moja linayo na jingine halina?

Ni ukinzani mdogo uliowekwa makusudi kati ya swichi ya ufunguo na koili (kifaa kinachopandisha volti za betri hadi cheche iruke kwenye plagi), kwa kawaida kati ya omu 1.2 na 1.8. Mara nyingi utaiona kama kipande cheupe cha keramiki kilichofungwa kando ya koili au kwenye ukuta unaotenga injini na abiria.

Ilienea Wamarekani walipohama kutoka betri za volti 6 kwenda volti 12: Chevrolet mwaka 1955, Ford na Chrysler mwaka 1956. Shida waliyotaka kuitatua ipo hadi leo. Ukipiga stata asubuhi ya baridi, stata inanyonya umeme mwingi kiasi kwamba betri ya volti 12 inashuka hadi 9 au 10. Koili iliyozoea volti 12 hapo inatoa cheche dhaifu, tena wakati ule ule injini ni baridi na inahitaji cheche kali. Wahandisi wakatengeneza koili inayotosheka na volti chache, wakaweka balasti kuipunguzia umeme wakati gari linatembea, na wakaongeza waya wa pili unaoiruka balasti stata inapozunguka. Kwa hiyo wakati wa kuwasha koili inapata kila kitu betri inachoweza kutoa, na injini ikishika, umeme wa waya ule unakatika na balasti inachukua kazi.

Kuna faida mbili nyingine. Nusu ya joto linatokea kwenye balasti, nje ya koili, kwa hiyo koili inaishi zaidi. Pia koili ya balasti ina mizunguko michache kwenye msokoto wake wa kwanza, na hivyo mkondo unapanda ndani yake haraka. Injini ya silinda 8 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika ina milisekunde 2.5 tu kati ya cheche moja na nyingine, na sehemu ya muda huo pointi ziko wazi. Kwa silinda 4 muda ni maradufu, ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari madogo hawakujisumbua. Kobe wa Volkswagen wa volti 12, kwa mfano, hana balasti kabisa.

Nitajuaje koili yangu ni ya aina gani?

Ipime. Zima gari, chomoa nyaya zote mbili ndogo kwenye koili, weka mita kwenye kipimo cha chini kabisa cha omu, pima kati ya ncha zile mbili ndogo. Ukipata karibu omu 3, hiyo ni koili ya volti 12 isiyotaka balasti. Ukipata karibu omu 1.5, hiyo inataka balasti. Katika koili za Lucas, DLB101 ni ya omu 3 na DLB102 ni ya omu 1.5, ukishika moja kila mkono huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Kabla ya kuamini namba, gusanisha nyaya za mita zenyewe kwa zenyewe. Mita ya bei rahisi itaonyesha omu 0.3 au 0.5 hata hapo. Toa kiasi hicho kwenye jibu lako. Kwenye vipimo vingine vya gari kosa hilo halina maana, lakini hapa tunatafuta tofauti ya omu moja na nusu, na nusu omu ni theluthi yake.

Maandishi kwenye koili yanasaidia yakiwepo. Koili nyingi huandikwa wazi kwamba zitumike na rezista ya nje. Ila kutokuwepo kwa maandishi hakuthibitishi chochote, na rangi ya mkebe haithibitishi chochote pia. Madukani kuna koili za rangi ya bluu, nyekundu na dhahabu ambazo zimenakili sura ya koili maarufu bila kunakili ukinzani wake. Mimi huingia dukani na mita mfukoni. Muuzaji akikataa nisipime, naaga.

Kulinganisha koili na balasti maana yake nini hasa? Nipe hesabu.

Jumla ya koili na balasti iwe karibu omu 3. Hilo ndilo linalotafutwa, kwa sababu pointi za kawaida hustahimili mkondo wa takriban ampea 4, na ukizidi sana zinaungua.

Gari likitembea, chaji ni kama volti 13.8. Koili ya omu 1.5 pamoja na balasti ya 1.5 ni omu 3: gawanya, unapata ampea 4.6. Koili ya omu 3 bila balasti: vile vile 4.6. Hizo ni kiwango cha juu. Kwa kuwa pointi zinafungua na kufunga, na waya wa koili unapopata joto ukinzani wake unaongezeka, wastani halisi uko chini ya hapo. Pointi zinastahimili.

Sasa koili ya omu 1.5 bila balasti: 13.8 kwa 1.5 ni ampea 9.2. Joto ndani ya koili halipandi mara mbili, linapanda mara nne, kwa kuwa linafuata mkondo mara mkondo. Badala ya wati 32 koili inabeba wati 127. Ukiacha ufunguo umewashwa na injini imesimama, pointi zikiwa zimefunga, mafuta yaliyo ndani ya koili yanachemka. Nyingine huvuja, nyingine hupasuka.

Upande wa pili, koili ya omu 3 ukiiongezea balasti ya 1.5 unapata ampea 3.07. Inaonekana si mbaya, lakini nguvu ya cheche nayo inafuata mkondo mara mkondo: umebaki na asilimia 44 tu ya ulichopaswa kuwa nacho.

Kwa hiyo kosa lipi ni afadhali?

La pili. Koili ya omu 3 kwenye gari lenye balasti haiharibu kitu. Gari linakuwa zito kuwaka, linamisi ukikanyaga mafuta kwa nguvu mlimani, na plagi zinaingia masizi. Wengi huishi na hali hii miaka wakilaumu kabureta. Koili ya omu 1.5 bila balasti inafurahisha kwa wiki kadhaa, gari linavuta vizuri mno, kisha pointi zinageuka rangi na siku moja linazima njiani likiwa moto.

Sioni balasti popote. Ina maana gari langu halina?

Hapana. Hapa ndipo watu wengi, mafundi wakiwemo, wanapotea.

Magari mengi hayana kile kipande cheupe cha keramiki. Balasti yao ni waya mrefu wa ukinzani uliofumwa ndani ya furushi la nyaya, ukiwa na ngozi ya plastiki kama ndugu zake. Ford Mustang za miaka ya 1960 zina waya wa pinki wa namna hiyo nyuma ya dashibodi. Ford za Uingereza, Escort na Cortina, nyingi zina waya wa aina hiyo, na MGB za miaka ya mwisho pia. Unaweza kulichunguza boneti mchana kutwa usiione.

Fundi akitaka kuhakikisha, kwa kawaida anachomoa waya kwenye koili, anaweka mita kati ya waya huo na bodi, anawasha ufunguo, anasoma volti 12, anatangaza kwamba balasti haipo. Kipimo hicho hakina maana. Ukinzani haupunguzi volti mpaka mkondo upite ndani yake. Waya uliochomolewa haupitishi mkondo, kwa hiyo utasoma volti kamili hata kama kuna balasti mbili.

Fanya hivi. Acha nyaya zote mahali pake. Chukua waya wenye vibanio, unganisha ncha ya hasi ya koili, ile inayokwenda kwenye distributa, na bodi ya gari. Hapo umefanya kana kwamba pointi zimefunga. Washa ufunguo bila kupiga stata, pima volti kati ya ncha ya chanya ya koili na bodi, soma haraka, zima. Ukiona karibu volti ya betri, hakuna balasti. Ukiona kama volti 6, balasti ipo na koili ni ya aina yake. Ukiona kama 8, balasti ipo lakini kuna aliyeweka koili ya omu 3. Ukiona 10 au 11, pengine hakuna balasti ila swichi, fyuzi au kiungo fulani kimechoka na kinakula umeme. Fuatilia hicho kwanza kabla ya kununua kitu. (Kama gari lako bado lina chanya kwenye bodi, geuza ncha: unganisha ile ya distributa, pima ile ya swichi.)

Kipimo kizima ni sekunde kumi. Usiache ufunguo umewashwa ukaenda kunywa chai.

Nikipiga stata gari linashika, nikiachia ufunguo linazima hapo hapo. Ni nini?

Balasti imekatika. Wakati wa stata koili inalishwa na waya wa kuruka, kwa hiyo injini inashika. Ukiachia, njia iliyobaki ni ya balasti, na haipo. Dalili hii ni safi kiasi kwamba fundi mzoefu anaitambua kwa simu. Chrysler za miaka ya 1970 zilijulikana sana kwa tatizo hili, na wenye nazo walizoea kutembea na balasti ya akiba kwenye kisanduku cha dashibodi.

Mara chache kosa huwa ni swichi ya ufunguo yenyewe: upande wa stata unafanya kazi, upande wa kutembea umeisha. Pima kama umeme unafika kwenye mlango wa balasti kabla ya kuibadilisha.

Kinyume chake: likishawaka linakwenda vizuri, lakini kuwaka asubuhi ni kazi.

Kama betri na stata ni wazima, shuku waya wa kuruka. Unatoka kwenye ncha ndogo ya solenoidi ya stata (swichi nene inayoiamsha stata) na kuja moja kwa moja kwenye chanya ya koili. Ukikatika, koili inabaki nyuma ya balasti hata wakati betri imeshuka. Chukua volti 9.5: kupitia balasti koili inapata ampea 3.2, kwa waya wa kuruka 6.3. Mkondo maradufu, cheche mara nne.

Waya huu hupotea stata inapobadilishwa. Stata mpya inakuja na solenoidi isiyo na ile ncha ndogo ya ziada, fundi anaona waya umebaki bila pa kwenda, anaufunga na gundi ya nyaya. Au, vibaya zaidi, anauunganisha kwenye ncha ile ile inayoamsha stata. Ukifanya hivyo, kila ukiwasha ufunguo, umeme uliopita kwenye balasti unageuka na kukimbilia kwenye solenoidi, ambayo ukinzani wake ni mdogo kuliko wa koili. Koili inabaki na njaa. Kama stata yako haina ncha ya koili, tumia relei ndogo inayoamshwa na umeme wa stata, au diodi nene inayoruhusu umeme kwenda upande wa koili tu.

Fundi anataka kuitoa balasti na kuweka koili ya omu 3. Nikubali?

Inategemea gari. Kwa Land Rover ya shamba, silinda 4, ambayo furushi lake la nyaya limeshakatwa na kuungwa na kila mmiliki, ningekubali bila kusita. Nyaya chache, viungo vichache, na koili ya omu 3 inapatikana kirahisi. Ila atimize kazi: waya mpya mzima kutoka swichi hadi koili, na kama balasti ilikuwa waya wa ndani ya furushi, uachwe kabisa, usiungwe katikati.

Kwa gari la silinda 6 au 8 linalozunguka kwa kasi, au gari unalolitunza katika hali yake ya asili, ningekataa. Datsun 240Z, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ilitoka kiwandani na balasti, na waliofanya hivyo walijua walichokuwa wakifanya.

Asichoruhusiwa kufanya ni kuitoa balasti na kuiacha koili ya omu 1.5.

Balasti yangu inachoma mkono. Imeharibika?

La. Kazi yake ni kuwa moto. Kwa mfano wetu wa juu inabeba wati 32 pointi zikiwa zimefunga. Kilicho muhimu ni iwe imefungwa kwenye chuma, mbali na nyaya na bomba la mafuta, na viungo vyake viwe vimekaza. Kuna balasti ambazo ukinzani wake huongezeka kwa makusudi zinapopata joto, kwa hiyo ukiipima baridi ukakuta namba ndogo kuliko ulivyotegemea, ipime tena gari likitoka kutembea.

Je, naweza kutumia rezista ya duka la vifaa vya redio?

Unaweza, ukichagua kwa wati na si kwa omu peke yake. Rezista ya omu 1.5 ya wati 10 itaungua. Chukua ya wati 50 yenye ganda la alumini, na uifunge kwa skrubu kwenye bamba la bodi, kwa kuwa wati hizo 50 zinahesabiwa ikiwa imelazwa kwenye chuma kinachonyonya joto. Ikining'inia hewani haifikii kiwango hicho hata kidogo.

Nabadilisha pointi kila baada ya muda mfupi. Ni balasti au kondensa?

Ziangalie uso wake. Kama upande mmoja umechimbika na mwingine umeota kichuguu, kondensa ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Ya kawaida ni kama maikrofaradi 0.2 hadi 0.25. Kama nyuso zote mbili zimegeuka rangi ya bluu au kijivu cha kuungua, mkondo umezidi: pima koili, kisha volti kwa njia niliyoeleza. Angalia chaji pia. Altaneta inayotoa volti 15.5 inaharibu hata mfumo uliolinganishwa vizuri.

Nimeweka ignisheni ya elektroniki ndani ya distributa. Balasti ibaki?

Soma karatasi ya mtengenezaji, maana zinatofautiana. Pertronix, kwa mfano, kwa Ignitor yao ya kwanza wanataka koili isiyopungua omu 3 kwa injini za silinda 4 na 6, na isiyopungua 1.5 kwa silinda 8. Kosa la kawaida ni kuunganisha waya mwekundu wa moduli, yaani hicho kifaa cha elektroniki, kwenye chanya ya koili gari likiwa bado na balasti. Moduli inataka volti kamili. Waya wake uchukue umeme kabla ya balasti, upande wa swichi. Na usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imesimama, kwa sababu baadhi ya moduli hizi hufa hivyo.

Koili za spoti zinaongeza nguvu?

Kwenye injini ya kawaida, hapana. Volti inapanda hadi pale cheche inaporuka kwenye plagi, basi. Koili inayoweza volti 40,000 itatoa 12,000 kama plagi inataka 12,000. Tofauti utaiona kwenye injini yenye mgandamizo mkubwa au inayozunguka kwa kasi sana. Ukinunua, pima kama nyingine yoyote: Lucas DLB105 ni ya spoti na ni ya omu 3, lakini ziko za spoti zilizo chini ya omu 1, na hizo si za pointi.

Koili yangu imeandikwa SW na CB. Waya upi uende wapi?

SW ni swichi, CB ni pointi, ila maandishi hayo ni ya enzi ambapo magari mengi ya Uingereza yalikuwa na chanya kwenye bodi, hadi katikati ya miaka ya 1960. Kama gari lako limeshageuzwa kuwa hasi kwenye bodi, zibadilishe: swichi kwenye CB, pointi kwenye SW. Koili iliyounganishwa kinyume bado inawaka, lakini cheche inaruka upande usiofaa wa plagi na inahitaji volti zaidi, jambo litakalojitokeza plagi zikianza kuchakaa.

Baada ya kubadilisha koili, mshale wa mizunguko ya injini umelala.

Mita za zamani za Smiths zinapitisha waya wa koili kwenye kitanzi nyuma yake na kuhisi mkondo. Ukibadilisha mkondo au ukauhamisha waya huo, mita inapotea. Rudisha waya kwenye kitanzi kwanza.

Nikiwa safari ndefu balasti ikakatika, nifanyeje?

Zima ufunguo, unganisha waya kutoka mlango wa balasti hadi upande wake wa pili, uondoke. Koili sasa inapata volti zote, kwa hiyo usisimame na injini ikinguruma pasipo sababu, usiache ufunguo umewashwa ukiwa umezima injini, na kila ukisimama shika mkebe wa koili: ukishindwa kuushika, subiri upoe. Kama una koili ya omu 3 kwenye sanduku la vifaa, ifunge hiyo badala ya koili iliyopo, na waya uliouunganisha kwenye balasti uuache ulipo; hapo hakuna tena haraka ya kutafuta balasti.